Sumu ya Mimea na Uvimbe wa Taya kwa Watoto

Mkulima wa tumbaku wa Kuria au wa Uriri ajua jambo hili bila kufundishwa na mtu. Akichuma majani asubuhi yakiwa na umande, na shati lake likalowa, mara kichwa humzunguka, tumbo humchafuka, na huenda akatapika kabla ya saa sita mchana. Hakuila tumbaku wala hakuivuta. Sumu iliyo katika jani, iitwayo nikotini, imeyeyuka katika maji ya umande, ikapita katika ngozi yake mpaka damuni.

Tumbaku haikutengeneza nikotini kwa ajili ya mwanadamu. Mmea hauna miguu ya kukimbia wala mikono ya kufukuzia wadudu. Silaha yake ni sumu unazozipika wenyewe ndani ya majani, magamba na mizizi. Pareto huua mbu kwa njia hiyo, na utupa huwalevya samaki kwa njia hiyo hiyo. Sumu hizi huingia na kuharibu kazi za ndani za mwili wa yule aulaye mmea. Na kwa kuwa mwili wa mdudu, wa panya na wa mtu hufanya kazi nyingi kwa namna moja, sumu iliyokusudiwa mdudu yaweza kumdhuru mtu. Na mara chache, ikipimwa vizuri, yaweza kumponya.

Wakulima wa kaunti za Migori na Homa Bay hufika ofisini petu kuuliza habari za mbegu na mbolea, lakini mara nyingi maswali hayaishii hapo. Wameambiwa sokoni kwamba majani fulani huua saratani, au kansa kama wengi tuiitavyo, nao wataka kujua kama ni kweli. Swali hilo lina uzito hapa kwetu kuliko mahali pengi, maana tunayo kansa moja ya watoto ambayo ni kama mwenyeji wa nchi hii ya ziwa. Tena dawa yake mojawapo yatoka katika ua dogo ambalo watu wengi wamelipanda mbele ya nyumba zao bila kulijua.

UGONJWA WENYEWE

Mwaka 1957 daktari mpasuaji aitwaye Denis Burkitt, mtu wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliitwa na mwenzake amtazame mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka mitano. Taya za mtoto zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Si muda mrefu baadaye, alipokuwa Jinja, alimwona mtoto wa kike mwenye uvimbe wa namna ile ile, na tumboni pia. Burkitt akaanza kutafuta katika madaftari ya hospitali, na mwaka 1958 akaandika habari za ugonjwa huo. Leo waitwa limfoma ya Burkitt.

Mwaka 1961 yeye pamoja na madaktari Ted Williams na Cliff Nelson walisafiri maili 10,000 kwa gari kuukuu la Ford, kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama wamewaona watoto wa namna hii. Waliporudi walikuwa na ramani. Ugonjwa ulifuata joto na mvua. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, mahali palipo juu ya futi 5,000 watoto hawakuupata, ila wachache sana. Mipaka ile ilikuwa karibu sawa na mipaka ya malaria kali. Ziwa letu liko futi 3,700 na kidogo juu ya usawa wa bahari. Basi Mbita, Karungu, Muhuru, Kendu Bay na Ndhiwa zote ziko ndani ya mipaka hiyo.

Jambo la pili lilipatikana London. Vipande vya uvimbe vilipelekwa kwa ndege kutoka Kampala kwa mtaalamu Anthony Epstein, na mwaka 1964 yeye na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr waliona ndani yake virusi ambavyo havikujulikana kabla ya hapo. Virusi hivyo vyaitwa vya Epstein-Barr. Msomaji asishtuke: karibu kila mtoto wa huku kwetu huvipata akiwa bado mdogo sana, kwa njia ya mate, na vikiisha kuingia hulala ndani ya seli za damu maisha yake yote bila kumdhuru. Shida huja pale malaria inapompiga mtoto mara kwa mara. Malaria huzichochea seli hizo hizo zizaane kwa wingi, na wakati huo huo huchosha askari wa mwili wanaovilinda virusi visiamke. Kati ya maelfu ya watoto, mmoja hupata hasara.

SELI NA CHAKULA CHAKE

Ili tuelewe dawa, yatupasa kwanza tuelewe seli. Mwili umejengwa kwa seli kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali, lakini matofali haya ni hai. Kila seli hula, hupata nguvu, hujenga, na hutupa takataka. Kazi hiyo yote ya kugeuza chakula kuwa nguvu na kuwa vitu vya kujengea, wataalamu huiita umetaboli.

Chakula kikubwa cha seli ni sukari itokayo katika ugali, viazi, ndizi na vyakula vingine. Seli ya kawaida ikiwa na hewa ya kutosha huiteketeza sukari kabisa, kama jiko lenye kuni kavu na upepo mzuri, na kila chembe ya sukari huipa vipimo vya nguvu 30 au zaidi. Hewa ikikosekana, kama vile miguuni mwa mtu anayekimbia sana, seli huichoma sukari nusu tu, ikapata vipimo 2, na kutoa asidi.

Katika miaka ya 1920 Mjerumani Otto Warburg aligundua jambo la ajabu. Seli za kansa huichoma sukari nusu nusu hata pale hewa ilipo tele. (Huyu ndiye aliyepewa zawadi ya Nobel mwaka 1931. Mti wetu wa dawa ambao Wakikuyu huuita muthiga, na jina lake la kitaalamu ni Warburgia, ulipewa jina la Otto Warburg mwingine, mtaalamu wa mimea. Nimekuta watu wakiwachanganya.)

Mbona seli ipoteze sukari hivyo? Mfikirie mtu aliyeangusha mti. Akitaka moto tu, ataukata wote kuwa kuni. Lakini akiwa anajenga nyumba tatu kwa haraka, sehemu ataichoma, na sehemu ataitumia kuwa nguzo, fito na milango. Seli ya kansa inajenga. Hutwaa vipande vya sukari iliyochomwa nusu na kuvitumia kujengea seli mpya, na ndiyo maana hula sukari nyingi sana.

Limfoma ya Burkitt ni mfano mkali wa jambo hili. Ndani ya kila seli kuna jeni, yaani maagizo ya kazi, na jeni moja iitwayo MYC ni kama mnyapara. Mnyapara huyo akipiga filimbi, seli hula, hujenga na kugawanyika. Akinyamaza, seli hupumzika. Mwaka 1982 iligunduliwa kwamba katika ugonjwa huu kipande cha kromosomu kilicho na MYC kimekatika na kuungwa mahali pengine, karibu na jeni ambayo katika seli hizo haizimwi kamwe. Basi mnyapara hupiga filimbi mchana na usiku.

Matokeo yake ni mwendo wa kutisha. Seli hugawanyika kila siku moja au mbili. Nyingine hufa, kwa hiyo uvimbe wenyewe huongezeka maradufu kwa siku tatu hivi. Hebu tufanye hesabu ya darasani. Uvimbe wenye uzito wa nusu gramu, kama punje ya haragwe, ukiongezeka maradufu kila siku tatu, baada ya wiki tatu umeongezeka maradufu mara saba: 1, 2, 4, 8, 16, 32, 64. Nusu gramu imekuwa gramu 64. Wiki tatu ndio muda ambao familia nyingi hutumia kujaribu dawa za jino, kisha dawa za miti, kisha kutafuta nauli.

UA LA MBELE YA NYUMBA

Ua ninalolisema lina majani mabichi yanayong'aa na maua ya waridi au meupe yenye petali tano, na hustahimili ukame. Watu wa mjini hulipanda katika makopo. Jina lake la kitaalamu ni Catharanthus roseus, na asili yake ni Madagaska.

Katika nchi mbalimbali watu walikuwa wakichemsha majani yake wakiamini kwamba huponya ugonjwa wa sukari. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Kanada, Clark Noble, alipokea bahasha ya majani hayo kutoka Jamaika, akampelekea ndugu yake Robert Noble aliyekuwa mtafiti. Robert aliwapa panya maji ya majani. Sukari ya damu haikushuka hata kidogo. Lakini alipowapiga sindano ya maji hayo, panya walikufa kwa maradhi ya kuambukiza, na alipochunguza aliona kwamba seli nyeupe za damu zilikuwa zimekwisha. Mtu mwingine angetupa majani yale. Yeye na mwenzake Charles Beer walifikiri hivi: kama kuna kitu humu kinachomaliza seli nyeupe, na kuna kansa ambazo ni seli nyeupe zilizozidi, basi tukitafute kitu hicho. Mwaka 1958 walitangaza dawa ya vinblastini. Watafiti wa kampuni ya Eli Lilly huko Marekani walikuwa wakiuchunguza mmea uo huo, nao wakapata ndugu yake, vinkristini, iliyoruhusiwa kutumika kule mwaka 1963.

Hizi hufanya kazi namna gani? Wavuvi wa Mbita wakivuta wavu mkubwa ufukoni, kundi moja hushika kamba upande huu na kundi la pili upande ule. Seli inapogawanyika hufanya vivyo hivyo: hutengeneza nyuzi ndani yake, na nyuzi hizo huvuta nusu ya kromosomu huku na nusu huko. Nyuzi husokotwa kwa vipande vidogo vya protini viitwavyo tubulini. Vinkristini hushikamana na vipande hivyo visiweze kusokotwa. Seli imekwisha kula, imekwisha kujenga, imejaa tayari kugawanyika, na kamba hazipo. Hukwama hapo na kufa. Kwa kuwa seli za Burkitt hugawanyika bila kupumzika, ndizo zinazokwama kwanza.

Dawa nyingine ya ugonjwa huu huligusa jiko lenyewe, yaani umetaboli. Mwaka 1941 wataalamu wa Marekani walichuja tani nyingi za mchicha wa kizungu wakapata vitamini ambayo wakaiita asidi ya foliki, kwa neno la Kilatini lenye maana ya jani. Imo pia katika mboga zetu za osuga, dek na ododo. Seli haiwezi kutengeneza jeni mpya pasipo vitamini hii. Baadaye wataalamu walitengeneza vitu vinavyofanana nayo kwa sura lakini visivyofanya kazi, kama ufunguo unaoingia katika kufuli na kukwama humo. Mwaka 1948 daktari Sidney Farber wa Boston alionyesha kwamba kitu cha namna hiyo kilipunguza kansa ya damu kwa watoto. Methotreksati ni mmoja wa funguo hizo. Jani lenyewe halikuwa dawa. Lilikuwa mfano ambao wataalamu walijifunzia mahali pa kupiga.

Mnamo miaka ya 1960 Burkitt na wenzake wa Kampala na Nairobi walizitumia dawa hizi, pamoja na siklofosfamidi ambayo haitoki katika mmea, na kuona taya zikirudi chini kwa muda wa siku chache. Mwaka 1967 kituo cha kutibu ugonjwa huu kilifunguliwa Mulago, nacho ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Kansa ya Uganda. Leo, katika nchi zenye mali, watoto zaidi ya 8 katika 10 wenye ugonjwa huu hupona. Huku kwetu hesabu ni ndogo kuliko hiyo, na sababu kubwa ni kuchelewa, na kuacha matibabu katikati.

MBONA TUSICHEMSHE NYUMBANI?

Swali hili ni la haki. Ikiwa ua liko uani, kwa nini mtu apande gari kwenda hospitali?

Kwanza, tuangalie kipimo. Ili kupata gramu moja ya vinblastini hutakiwa majani makavu yapata kilo 500, na vinkristini ni adimu zaidi ya hapo. Lakini kiasi anachopewa mgonjwa ni kidogo hata jicho haliwezi kukipima. Kwa kawaida madaktari hawapitishi miligramu 2 kwa mara moja, hata kwa mtu mzima. Punje moja ya mahindi ina uzito wa miligramu 300 hivi. Basi kipimo kizima hakifikii sehemu ya mia moja ya punje. Kikizidi, mishipa ya fahamu huharibika, miguu hufa ganzi, utumbo huacha kufanya kazi. Tena dawa hii hupitishwa katika mshipa wa damu tu. Ikimwagika nje ya mshipa huchoma nyama, na ikitiwa katika uti wa mgongo kwa makosa huua.

Pili, ndani ya jani mna sumu za namna hiyo zaidi ya 100. Sufuria haizichagui. Mtoto atakunywa kidogo mno cha ile inayofaa, na kingi cha zile zinazoshusha sukari na nguvu ya damu na kumtapisha.

Tatu, na hili wengi hawalifikiri, kuiua kansa hii haraka ni hatari nayo. Uvimbe mkubwa ukifa kwa siku mbili, vyote vilivyokuwa ndani ya seli humwagika katika damu, yaani potasiamu, fosforasi, na takataka zinazogeuka kuwa asidi ya mkojo. Figo za mtoto zaweza kuziba na moyo ukasimama. Ndiyo maana hospitalini hutiwa maji mengi ya mshipa na kupewa dawa ya alopurinoli kabla ya sindano ya kwanza, na damu yake hupimwa tena na tena. Nyumbani hakuna kitu cha kupimia hayo.

Mti mmoja wa Kenya hii hii watuonyesha jambo lilo hilo. Katika miaka ya 1970 Wamarekani walikuja Shimba Hills, Kwale, kuchukua vijiti vya mti uitwao Maytenus, kwa kuwa mwaka 1972 mtaalamu Morris Kupchan alikuwa ametangaza sumu ya maitansini kutoka katika mti wa jamii hiyo. Katika chupa za maabara sumu hiyo iliua seli za kansa kwa kiasi kidogo kupita dawa nyingi. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa iliwaumiza mno, ikawekwa kando. Miaka mingi ikapita ndipo wataalamu wakaifunga kwenye protini ya kinga inayoitafuta seli ya kansa ya matiti na kuishusha hapo hapo, na mwaka 2013 dawa hiyo ikaruhusiwa Marekani. Ni miaka 41 toka chupa hadi dawa.

Kwa hiyo mimi silipendi neno "huua kansa" linavyotumiwa sokoni. Maji ya kuondolea madoa katika nguo nayo huua seli za kansa zikiwa katika chupa. Chukua metformini, dawa ya sukari ambayo wazee wengi wa Oyugis na Rongo wanaimeza kila siku. Wazo lake lilitoka katika mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, na ni kweli kwamba hupunguza kasi ya jiko la seli. Watu walitumaini sana kwamba itazuia kansa ya matiti isirudi. Ikajaribiwa kwa watu zaidi ya 3,600, na mwaka 2022 matokeo yakatolewa: kwa wale wasio na ugonjwa wa sukari haikuwa na faida. Metformini ni dawa nzuri ya sukari na yafaa iendelee kumezwa kwa ajili hiyo.

DALILI, NA MAHALI PA KWENDA

Mtoto ashikwaye na limfoma ya Burkitt kwa kawaida ana umri kati ya miaka 4 na 9, na wavulana ni wengi kuliko wasichana. Mzazi atazame haya: meno ya magego yanalegea bila sababu, au yanasogea mahali pake, taya linavimba lakini halina usaha, na mara nyingi halimuumi sana, jicho linasukumwa nje, tumbo linajaa kwa siku chache, au miguu inakosa nguvu ghafla. Gego linalolegea kwa mtoto wa miaka mitano si jino la kung'olewa na kusahauliwa.

Mtoto wa namna hiyo apelekwe wiki ile ile katika hospitali kubwa ya kaunti, Homa Bay au Migori, nao watampeleka Kisumu, katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ikiwa yahitajika. Madaktari watakata kipande kidogo cha uvimbe wakitazame. Kukata huko hakusambazi kansa, ingawa maneno hayo husemwa sana. Familia ijiandikishe mapema katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu tarehe 1 Oktoba 2024, maana kujiandikisha siku ya ugonjwa huchukua saa ambazo mtoto hana. Na sindano zikianza, zimalizwe zote. Taya likishuka baada ya sindano ya kwanza, wazazi wengi hudhani kazi imekwisha, wakarudi shambani kupalilia. Seli chache zilizobaki hazijasahau kazi yao.

Kwa upande wa kuzuia, tulichonacho ni kuipiga vita malaria. Chandarua kitumiwe na mtoto, si kwa kufunika miche ya nyanya wala kuanikia omena. Chanjo ya malaria ilizinduliwa nchini mwetu mwezi Septemba 2019, na ilizinduliwa hapa hapa Homa Bay. Mtoto apelekwe apate dozi zote.

MASWALI YA WASOMAJI

Mama mmoja wa Rangwe aliuliza: "Kama kansa yala sukari, nimnyime mtoto uji na ugali ili ife njaa?" Hapana, mama. Mwili wa mtoto akikosa chakula huyeyusha nyama yake mwenyewe na kuigeuza kuwa sukari, na kansa hula hiyo hiyo. Atakayekufa njaa ni mtoto. Apewe uji, mayai, omena, njugu na maharagwe kadiri awezavyo kula, kwa kuwa mtoto aliyekonda hazistahimili sindano.

Mzee wa Nyatike aliuliza kama mjukuu wake aendelee na dawa za miti anazopewa na bibi yake huku akitibiwa. Mzee, dawa hizo zisimamishwe kwanza, na daktari aambiwe zilikuwa ni zipi, bila kuficha na bila haya. Vinkristini husagwa na kutolewa mwilini na ini. Mizizi na magamba mengine huliharakisha ini, dawa ikatoka kabla ya kufanya kazi. Mengine hulichelewesha, dawa ikalundikana ikawa sumu. Hatusemi kwamba bibi hajui miti yake. Twasema miti yake na sindano hazikupimwa pamoja.

Swali la tatu limeletwa na wakulima wengi, nalo ni la kilimo hasa: mnyaa, ambao Wajaluo huuita ojuok. Ni ule mti wa vijiti vya kijani visivyo na majani, wenye utomvu mweupe kama maziwa, ambao umezunguka maboma mengi ya huku. Wamesikia kwamba unaleta ugonjwa wa taya. Ukweli ni huu. Utomvu wa mnyaa una vitu vya jamii ya foboli, na katika maabara vitu hivyo huviamsha virusi vya Epstein-Barr vilivyolala. Katika utafiti wa Malawi uliotolewa mwaka 1993, mti huu ulionekana mara nyingi zaidi nyumbani kwa watoto wagonjwa kuliko kwa wengine, na mwaka 2012 wataalamu waliendelea kuonyesha kwamba utomvu wake huvuruga kromosomu za seli zenye virusi hivyo. Haijathibitishwa kwamba mti huu peke yake humfanya mtoto augue. Malaria na virusi ndivyo vikubwa. Lakini kwa kuwa utomvu huo huunguza ngozi na waweza kupofusha jicho hata pasipo kansa, mimi nikiwa na watoto wadogo nisingeuweka karibu na mahali wanapochezea, wala karibu na kisima.

Anayetaka kuuondoa aukate wakati wa kiangazi, avae mikono mirefu na afunike macho, na watoto wasiwepo. Vijiti vyake visichomwe, maana moshi wake huwasha macho na koo. Wala visitupwe mahali penye unyevu, kwa sababu kila kijiti kitaota upya. Viwekwe juu ya jiwe au bati mpaka vikauke kabisa, kisha vifukiwe mbali na maji. Utomvu ukiingia jichoni, jicho lioshwe kwa maji safi mengi kwa robo saa, kisha mtu aende zahanati. Mahali pake waweza kupanda kaiyaba, ambayo miiba yake huzuia ng'ombe na mbuzi vizuri zaidi. Panda miche katika mistari miwili, futi moja na nusu kati ya mche na mche, mvua ndefu zinapoanza, na uikate vichwa ikifika magotini ili ijaze chini.